Jina la chuo latoka wapi? Nairobi, Kilifi, Azhar, Harvard

MwanaLangoni (Lamu)
Assalaam alaikum wana jukwaa. Mpwa wangu amepangiwa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, asome biolojia ya bahari na uvuvi. Ndiyo kozi aliyoiweka ya kwanza mwenyewe. Badala ya hongera, kwao nyumba imekuwa kama ya matanga. Babake ataka ahamishwe Chuo Kikuu cha Nairobi, kozi yoyote ile, mradi akiulizwa barazani "mwanao yuko wapi" aweze kusema Nairobi. Ami yake naye asema kama ni kutafuta jina, basi jina ni Azhar ya Misri, na yuko tayari kumhangaikia.

Mimi nauliza jambo kubwa zaidi ya huyu kijana. Jina la chuo hutoka wapi hasa? Nani huamua kwamba hiki ni chuo cha heshima na kile ni cha kujishikiza tu? Msimamo wangu nauweka wazi mapema: twawapeleka watoto kwa majina tuliyorithishwa na wazee, wala hatuulizi kama yaliyoyajenga majina hayo bado yapo.

Mwalimu_Barani (Malindi)
Waalaikum salaam. Jibu ni kutangulia. Nairobi ilifungua milango 1956 ikiitwa Royal Technical College. Kuanzia 1963 ikawa pamoja na Makerere na Dar es Salaam chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na 1970 ikasimama peke yake. Mpaka Moi ilipoanzishwa 1984, nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja cha umma. Miaka 14! Karibu kila hakimu, daktari na katibu wa wizara aliyesomea hapa nchini katika kipindi hicho alipita mlango huo mmoja, na hao ndio waliokuja kukaa kwenye meza za kuajiri. Pwani ilianza 2007 ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ikapata hati yake 2013. Hawajafika hata umri wa kustaafisha mtu.

Shella_Kwetu
Mwalimu, kama ni umri, Nairobi mbele ya Makerere ni mdogo sana. Makerere ni ya 1922. Harvard 1636. Oxford walikuwa wakifunza tangu 1096. Bologna 1088.

UstadhMkomani (Lamu)
Dada Shella, orodha yako imeanzia katikati. Msikiti wa Azhar ulijengwa kati ya 970 na 972. Qarawiyyin ya Fez yahesabiwa tangu 859, na mapokezi yasema aliyeianzisha ni mwanamke, Fatima al-Fihri. Wanafunzi walikuwa wakikaa chini ya nguzo za Azhar kabla Oxford haijatajwa. Kwa nini mkihesabu vyuo vikongwe mwaanza na Ulaya?

Mwalimu_Barani (Malindi)
Ustadh, sikatai elimu iliyokuwepo. Lakini chuo kikuu kwa maana ya leo ni chombo chenye vitivo, mtaala na digrii. Vitivo vya udaktari, uhandisi na kilimo viliongezwa Azhar kwa sheria ya 1961, enzi za Rais Nasser.

UstadhMkomani (Lamu)
Na kabla ya hapo palikuwa na ijaza. Mwalimu akuandikia kwamba umesoma kitabu fulani kwake, naye alikisoma kwa fulani, mpaka ufike kwa mtunzi. Digrii gani ya leo yakuonyesha mnyororo huo? Digrii yasema umetoka jengo gani. Ijaza yasema umetoka mkononi mwa nani.

PateMpakaNairobi
Hapo ustadh umegonga. Lakini peleka ijaza ofisi ya mwajiri Nairobi uone.

Hamisi_Data
Mwaandika mengi ya historia, ila wenzetu Marekani jambo lao ni rahisi: chuo chenye jina ni kile kinachokataa watu wengi. Harvard huchukua chini ya watu 5 katika kila 100 wanaoomba. Wale wa Ivy League wote hivyo: Harvard, Yale, Princeton, Stanford, MIT. Ukikubaliwa tu, hata kabla hujasoma somo moja, jina umeshalipata.

Shella_Kwetu
Kaka Hamisi, Stanford na MIT si Ivy League. Ivy League ni vyuo 8: Harvard, Yale, Princeton, Columbia, Cornell, Brown, Dartmouth na Pennsylvania. Na kilichoviunga 1954 ni mashindano ya michezo baina yao, si ubora wa masomo.

Hamisi_Data
Shukran. Hoja iko palepale: MIT wakataa watu kuliko baadhi ya hao 8.

BiRukia_Malindi
Wanangu, mie nina binti aliyemaliza Kilifi. Ngojeni niwaambie vile nyumba zetu zaamua. Binti yangu alipomaliza kidato cha nne alikuwa na alama za kwenda popote. Zamani mwanafunzi wa serikali alikuwa akilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, popote alipopangiwa, kwa hivyo karo haikuwa tofauti. Tofauti ilikuwa chumba, chakula, nauli, na nani atamfuata akiugua. Kilifi nikipanda matatu asubuhi namwona na nalala kwangu. Nairobi ningekuwa natuma pesa kwa mtu nisiyejua amekulaje. Sasa huo mpango mpya wa karo ulioanza 2023, wa kupanga watoto kwa madaraja ya uwezo wa wazazi, umezidisha hesabu. Jina la chuo ni la mwenye nafasi ya kulilipia.

MwanaLangoni (Lamu)
Bi Rukia, shikamoo. Na binti amepata kazi?

BiRukia_Malindi
Marahaba mwanangu. Amepata, alhamdulillahi, anafunza. Ila kuna shirika moja, silitaji, lilimwita kwenye mahojiano. Alisema mezani palikuwa na mafungu mawili ya karatasi, na yule mama aliyekuwa akimhoji aliangalia jina la chuo kabla ya kugeuza ukurasa wa alama, akaiweka yake kwenye lile fungu nono. Hawakumpigia tena. Kwa hivyo Mwalimu wa Barani hasemi uongo.

Mhandisi_Mpeketoni
Hapa ndipo niwakate kidogo. Mwasema chuo, chuo, chuo. Katika kazi yetu jina la chuo halikufikishi mbali, bodi ndiyo yakufikisha. Bodi ya Wahandisi hukubali kozi moja moja, haikubali chuo kizima. Chuo chaweza kuwa na jina la kutikisa nchi na kozi yako isiwemo. Mimi nilimaliza kwenye chuo ambacho wazee walinisifia sana, nikakuta kozi yangu haijakubaliwa. Nikakaa na cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu, na siwezi kusajiliwa. Wenzangu waliosoma chuo kisicho na kelele walisajiliwa mbele yangu. Wanasheria wana baraza lao, madaktari wana lao. MwanaLangoni, kabla ya kuhamisha kijana "kozi yoyote", uliza hiyo kozi yoyote yatambuliwa na nani.

Shella_Kwetu
Hii ya Mhandisi ibandikwe juu ya uzi.

NgomeniBoy (Malindi)
Naleta jambo ambalo watu wa Lamu hawalijui na watu wa Malindi wamelisahau. Hapo Ngomeni, baharini, kuna majukwaa ya San Marco. Waliokuja nayo ni Wataliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma. Setilaiti ya kwanza kurushwa hapo ilikuwa San Marco 2, Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Marekani ya kupima miale ya eksi (X-ray) kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya sherehe ya uhuru wa nchi, ikapewa jina Uhuru. Kiongozi wa mradi wake, Riccardo Giacconi, alipata Nobeli ya fizikia 2002, na yeye alisoma Milan.

Sasa nitajieni mzazi mmoja wa Malindi, mji ambao hata muuza madafu huongea Kitaliano, anayejigamba mwanawe yuko Sapienza. Chuo cha 1303! Hakuna. Wote wataka London. Kwa hivyo umri si jibu, na elimu si jibu. Jina hufuata lugha ya aliyekutawala.

PateMpakaNairobi
Watu wa Malindi kila mjadala lazima Mtaliano aingie 😂

NgomeniBoy (Malindi)
Na nyinyi wa Amu kila mjadala lazima baraza liingie. Jibu hoja.

UstadhMkomani (Lamu)
Hoja yake nzito. Lakini kuna majina hapa pwani ambayo hayakuletwa na mtawala. Angalieni msikiti na madrasa ya Riyadha hapa Lamu. Habib Swaleh alikuja kutoka Ngazija, akakaa Langoni, si upande wa wakuu wa mji. Akafungua darsa kwa watu ambao mji ulikuwa ukiwabagua, wakiwemo waliotoka utumwani na wajukuu wao. Wapo wakubwa waliochukia. Msikiti ukasimama mwanzoni mwa karne ya 20, yeye akafariki 1935, na leo wanafunzi waja kutoka Tanzania, Uganda, Kongo na Ngazija. Wakati wa Maulidi hupati pa kuweka mguu. Serikali haikutia mkono, wala hapakuwa na orodha ya vyuo bora. Waliosoma pale walirudi kwao wakafunza, na watu wakauliza huyu amesoma wapi.

MwanaLangoni (Lamu)
Ustadh, mimi nimezaliwa hatua chache kutoka Riyadha na sijawahi kuitazama hivyo. Mahali palipodharauliwa pakawa ndipo watu wanapopeleka watoto wao.

Mwalimu_Barani (Malindi)
Ni kweli, lakini angalieni muda. Ilichukua vizazi. Kijana aingia chuo mwaka huu.

Hamisi_Data
Mbona hakuna aliyetaja orodha za kimataifa? Kuna ile ya Shanghai tangu 2003, QS, Times, Webometrics. Huko namba zaonekana, hakuna cha mababu wala baraza. Cape Town huwa juu Afrika, Nairobi huwa mbele hapa Kenya.

Shella_Kwetu
Namba zahesabu nini? Shanghai huhesabu tuzo za Nobeli za waliosoma na wanaofunza. QS sehemu kubwa ni kuuliza maprofesa duniani wanakiheshimu chuo gani. Yaani wapima jina kwa kuuliza watu wanalijua jina gani! Na mwaka 2022 profesa wa hesabu wa Columbia kwenyewe, Michael Thaddeus, alizichambua takwimu ambazo chuo chake kilipeleka kwenye orodha maarufu ya Marekani, akaonyesha kwamba hazilingani na ukweli. Columbia ikashuka kutoka nafasi ya 2 mpaka ya 18. Majengo yalikuwa yaleyale, walimu walewale.

Hamisi_Data
Hiyo yaonyesha orodha yaweza kusahihishwa. Baraza haliwezi.

Kizingo_1990
Tusisahau ndege za Tom Mboya. Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege moja kwenda Marekani, babake Obama akiwemo. Hao ndio waliokuja kuendesha nchi. Jina la "amesoma ng'ambo" lilianzia hapo.

Mwalimu_Barani (Malindi)
Obama mkubwa hakuwa kwenye ndege ile. Alikwenda Hawaii mwaka huohuo kwa njia nyingine, baadaye ndio akaingia Harvard. Na Mboya mwenyewe alipitia Ruskin College, Oxford, chuo cha watu wazima wafanyakazi.

Kizingo_1990
Sawa mwalimu. Basi chukueni Wangari Maathai. Yeye aliondoka 1960 kwa mpango huohuo. Alipelekwa Atchison, Kansas, chuo kidogo cha masista wa Kikatoliki kiitwacho Mount St. Scholastica. Mgemwambia baba wa kijana huyu jina hilo angelia. Akatoka hapo akaenda Pittsburgh, akarudi akamaliza shahada ya udaktari (PhD) Nairobi 1971, na 2004 akapewa Nobeli ya amani. Marekani kuna vyuo vidogo vya aina hiyo ambavyo mwalimu amjua kila mwanafunzi kwa jina. Huku kwetu hakuna anayevijua.

NgomeniBoy (Malindi)
Wa Bonde la Ufa wanavijua. Kuna mpango wa KenSAP ulioanza Iten 2004, unawaandaa vijana wenye alama za juu kwa mitihani na barua za maombi ya vyuo vikubwa vya Marekani. Wameingiza watu Harvard na Yale. Sisi pwani twabishana nani mkongwe, wenzetu wamejua fomu yajazwa vipi.

BiRukia_Malindi
Hili limeniuma. Kweli tupu.

Mjukuu_wa_Tudor (Mombasa)
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mwataja vyuo vyote na mmeacha kisa cha mtu wetu, Profesa Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa 1933. Kijana akataka kufuata njia ya babake, Kadhi Mkuu, aende Azhar. Haikuwa. Mtihani wake wa Cambridge School Certificate, 1949, ulikuwa dhaifu, Makerere wakamkataa. Akaenda kufanya kazi kwenye taasisi ya elimu ya Waislamu pale Tudor, MIOME, iliyochangiwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Bohora. Kutoka hapo akapata njia ya kwenda Uingereza: Huddersfield kwanza, kisha Manchester akamaliza 1960, Columbia 1961, Oxford 1966.

Na hapa ndipo kisa kinapopinda. Makerere ileile iliyomkataa ikamchukua kufunza 1963, akawa profesa pale mpaka 1973. Baadaye akawa mkuu wa heshima wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Na MIOME? Ndiyo iliyokuja kuwa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 yaitwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho watu hapa wakisikia mtoto kapangiwa huko wasema "aa, Poly". Jengo ni lile ambalo Mazrui alifanyia kazi.

UstadhMkomani (Lamu)
Rahimahullah. Alizikwa Mombasa, makaburi ya Mazrui karibu na Ngome ya Yesu, 2014.

Mwalimu_Barani (Malindi)
Kisa kizuri, nami nakitumia darasani. Lakini kisomeni mpaka mwisho. Mazrui alisikilizwa duniani baada ya Columbia na Oxford. Angebaki MIOME na akili ileile, nani angemwita kwenye redio ya BBC? Jina lilimfungulia mlango.

Mjukuu_wa_Tudor (Mombasa)
Na Manchester ndiyo iliyomfungulia Columbia, na Huddersfield ikamfungulia Manchester. Ukianza kukataa vyuo vidogo unakata ngazi ya chini.

Mhandisi_Mpeketoni
Na Sheikh Ahmed Nabhany wa Matondoni hapa je? Kilichomlea ni madrasa na nyanyake. Maprofesa wa Ulaya na Nairobi walikuwa wakisafiri kumfuata kuuliza Kiswahili cha zamani. Vyuo vilikwenda kwake.

PateMpakaNairobi
Huyo ni mmoja katika milioni. Mtoto wa kawaida ahitaji karatasi. Mimi nimesoma Nairobi, nasema bila kuficha: jina limenisaidia kazi ya kwanza tu. Ya pili waliniuliza nimefanya nini. Ila nilichopata Nairobi hakikuwa darasani. Nililala hosteli na watoto wa Kisii, Turkana, Meru, Wajir. Leo nikitaka jambo ofisi yoyote nina mtu. Kilifi utapata watu wa pwani wenzako wengi. Hilo mzazi ana haki kulifikiria.

Shella_Kwetu
Hii ndiyo hoja ya kwanza ya upande wa baba ambayo imenishika.

BiRukia_Malindi
Lakini binti yangu Kilifi chumbani alikuwa na wa Nyeri na wa Kakamega. Siku hizi KUCCPS, wale wa serikali wanaowapangia wanafunzi vyuo, yachanganya watoto kila mahali.

MwanaLangoni (Lamu)
Nimemsomea babake uzi huu jana baada ya Isha, post moja moja. Alinyamaza kwa Mazrui. Kwa Mhandisi akauliza maswali mengi. Mwisho akasema: "Sawa, lakini huko kwenye samaki, wanaoandikwa kazi ni wa wapi?" Kijana mwenyewe yeye habanduki, asema taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mombasa, mikoko iko Lamu, atafuata nini Nairobi. Kuna mtu hapa aliye karibu na kazi hizo?

Nahodha_Kizingitini (Pate)
Mimi ni mvuvi, sina digrii, lakini niko kwenye kamati ya ufuo wetu. Kila msimu wa kamba waja vijana kupima. Wakaa pale tunaposhushia mzigo, wamchukua kamba mmoja mmoja, waweka rula ya chuma kutoka baina ya macho mpaka mwisho wa gamba la mgongo, waandika kwenye karatasi iliyofunikwa nailoni. Wale wenye mayai watuambia turudishe majini. Niliokaa nao wengi walisema wametoka Chuo cha Pwani, na mmoja alikuwa wa Moi. Wajua bahari. Yule msichana mmoja alijua kusi na kaskazi kuliko vijana wetu.

Lakini nisifiche. Aliyekuja na boti ya injini mbili siku ya mwisho, aliyesomewa hesabu zote na kutia sahihi, walimwita daktari, na walisema amesomea Ubelgiji.

Mwalimu_Barani (Malindi)
Mmeona? Ndiyo niliyosema.

Mjukuu_wa_Tudor (Mombasa)
Nahodha, huyo daktari digrii yake ya kwanza aliipata wapi?

Nahodha_Kizingitini (Pate)
Hilo sikumuuliza. Akija msimu ujao nitamuuliza.

MwanaLangoni (Lamu)
Shukran nahodha. Nampelekea babake maneno haya kama ulivyoyaandika, yote mawili. Maombi ya kuhama chuo bado hayajafungwa. Bi Rukia, naomba unitumie faraghani habari za vyumba vya Kilifi, karibu na chuo, visivyo vya gharama.

BiRukia_Malindi
Nakutumia sasa hivi mwanangu. Mwambie achukue cha juu, vya chini huingia maji masika.